Mwongozo kamili: kuchagua watu wa timu ya kazi bila kubahatisha

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nilichagua watu wazuri, wenye vyeti na uzoefu, mbona timu haisogei? Nami huuliza walichaguliwaje. Majibu hufanana sana. Bosi alipitia wasifu uliolundikana mezani, akaita watu wanane, akaongea na kila mmoja kama nusu saa, akachukua waliomvutia. Siku mbili za kuchagua, halafu miezi sita ya kulaumiana.

Kosa lilifanyika mapema, kabla msailiwa wa kwanza hajabisha hodi. Majina yalitangulia, kazi ikafuata nyuma. Hapa tutaenda kinyume chake: tuanze na kazi, tutafute pengo, tuandae kipimo, na mtu aje mwisho.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ofisi inayotaka kuhamisha kumbukumbu za stoo kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, na inahitaji timu ya kuifanya kazi hiyo. Weka kazi yako mahali pake. Hatua ni zilezile, uwe unaajiri watu wapya au unawatoa kwenye vitengo vilivyopo.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Karatasi moja ya kuelezea kazi. Ikizidi ukurasa mmoja, bado hujaielewa.
- Wasaili watatu: mmoja anayeijua kazi kwa mikono yake, mmoja atakayeisimamia timu, na mmoja wa kitengo kingine asiye na masilahi na nani atapata nafasi. Ofisi ndogo inaweza kutumia wawili. Mmoja peke yake hatoshi.
- Karatasi ya alama ya kila mwombaji, nakala moja kwa kila msaili.
- Kipande cha kazi halisi cha kuwapimia waombaji. Namna ya kukitengeneza iko Hatua ya 6.
- Chumba kimoja kitulivu, na simu za jopo zote zimezimwa.
- Maandishi ya mkuu wa ofisi yanayosema watakaochaguliwa watapewa muda gani wa kazi hii: siku nzima, nusu siku, au siku mbili kwa wiki.
- Wiki tatu hadi nne kwa timu ya watu watano.

Hayo maandishi ya mkuu usiyadharau. Nimeona timu nzuri ikifa kwa sababu kila mmoja aliambiwa "endelea na kazi zako za kawaida, hii utaifanya ukipata nafasi". Nafasi haikupatikana. Usipoyapata maandishi hayo, simama hapohapo uyafuatilie kabla hujamwita mtu yeyote.

## Hatua ya 1: Andika kazi, usifikirie jina la mtu

Kwenye ile karatasi andika sentensi moja inayosema kitakuwepo nini timu ikimaliza ambacho leo hakipo. Kwa mfano wetu: "Ndani ya miezi sita, kila bidhaa iliyomo stoo iwe imeingizwa kwenye kompyuta, na tukiokota bidhaa 100 bila kuchagua, hesabu ya kompyuta ilingane na ya kwenye rafu kwa bidhaa 98 au zaidi."

Ukiandika "kuboresha mfumo wa stoo", hujaandika kitu. Kila mtu ataisoma anavyotaka, na kila mwombaji ataonekana anafaa.

Chini ya sentensi hiyo, orodhesha vitendo vyenyewe. Kuhesabu vilivyopo. Kukubaliana majina na namba za bidhaa. Kuingiza data. Kukagua makosa. Kuwafundisha watunza stoo. Kukaa na wale wasiotaka mfumo mpya na kuwasikiliza mpaka waukubali. Hicho cha mwisho husahaulika karibu kila mara, nacho ndicho kinachoangusha kazi nyingi za namna hii.

Ukiona mkono wako unaandika kazi huku akilini una mtu fulani ("hii itamfaa yule wa uhasibu"), futa uanze upya. Kazi iliyoandikwa kwa kipimo cha mtu mmoja itampata mtu huyohuyo hata kama hafai.

Ukimaliza, mpe karatasi mtu asiyehusika. Aisome dakika mbili, aifunike, akueleze timu itafanya nini. Akieleza sawasawa, endelea. Akianza kubabaika, tatizo ni maandishi yako.

## Hatua ya 2: Tafuta pengo

Hapa ndipo uchaguzi wa timu unapoachana na uchaguzi wa mfanyakazi mmoja, na hapa ndipo wengi hupotea. Wanatafuta watu watano bora, mmoja baada ya mwingine, kwa kipimo kilekile. Wanaishia na watu watano wanaofanana, wenye nguvu zilezile na udhaifu uleule.

Chora jedwali. Upande wa kushoto andika vitendo vya Hatua ya 1. Juu andika watu ambao tayari wapo, kama wapo. Weka alama panapokuwa na mtu anayekiweza kitendo hicho. Mistari isiyo na alama ndiyo pengo lako.

Kisha geuza pengo liwe sifa, na uzigawe katika mafungu mawili:

Sifa za kila mtu. Asiyekuwa nazo haingii hata akiwa hodari namna gani. Kwa timu ya stoo mimi ningeweka tatu: umakini wa tarakimu, kuuliza asipoelewa badala ya kukisia, na kusema mapema anapokosea.

Sifa za angalau mtu mmoja. Timu lazima iwe nazo, lakini si lazima kila mmoja awe nazo. Kwa mfano, kuifahamu programu yenyewe, kumfundisha mtu mzima bila kumdharau, na kuwa na uso wa kumkabili mkuu na kumwambia kazi itachelewa.

Jumla zisizidi sita. Kila sifa unayoongeza inaondoa watu, na orodha ya sifa kumi na mbili haimpati mtu yeyote. Jopo huanza kuzilegeza kimyakimya, kwa huyu hili, kwa yule lile, na haki inapotea.

Ili kupunguza, uliza: asiyejua jambo hili leo, akifundishwa wiki mbili atalijua? Kama ndiyo, liondoe kwenye orodha uliweke kwenye mpango wa mafunzo. Kutumia programu fulani mara nyingi hufundishika. Kukiri kosa hakufundishiki kwa wiki mbili.

Na usiandike "uzoefu wa miaka mitano" kwa mazoea. Miaka hupima muda ambao mtu amekaa kazini, haipimi alichokifanya akiwa pale. Andika kitendo unachotaka awe amewahi kukifanya.

## Hatua ya 3: Amua idadi

Anza na idadi ndogo kabisa inayoweza kuziba mapengo yote. Kwa kazi nyingi za ofisini idadi hiyo huwa kati ya wanne na saba.

Sababu ni hesabu tu. Watu watano wana jozi 10 za watu wanaopaswa kuelewana. Saba wana jozi 21. Kumi wana 45. Kila jozi ni mahali pa ujumbe kupotea au ugomvi kuanza.

Sababu ya pili ni ya kibinadamu. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: watu walipoongezeka, kila mmoja alivuta kidogo kuliko alivyovuta peke yake. Katika kundi la wanane, nguvu ilikuwa karibu nusu ya ile ambayo ingepatikana kama kila mmoja angevuta kwa uwezo wake wote. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa pamoja, na sehemu ni kwamba mtu akiwa kati ya wengi hujiachia.

Utashawishiwa kuongeza mtu kwa heshima, ili kitengo fulani kisijisikie kimeachwa. Usimweke kwenye timu. Mpe nafasi ya kupokea taarifa kila wiki na kutoa maoni. Anayehitaji kujua kinachoendelea na anayehitajika kufanya kazi ni watu wawili tofauti.

### Kama umepewa watu tayari

Wasomaji wengi wako hivi: majina yametoka juu, hakuna cha kuchagua. Fanya Hatua ya 1 hadi 3 hata hivyo, ukiwaweka hao uliopewa kwenye jedwali. Pengo likionekana kwenye karatasi, una hoja ya kupeleka kwa mkuu: badilisha mtu mmoja, au ruhusu mafunzo, au punguza kazi. "Sina imani na hawa" haitasikilizwa. "Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufundisha, na kazi hii ina watunza stoo wa kufundishwa" itasikilizwa. Kisha ruka mpaka Hatua ya 10.

## Hatua ya 4: Tangaza

Tangazo lieleze siku ya kazi ilivyo, pamoja na upande wake mgumu. "Wiki nane za mwanzo ni kuhesabu bidhaa kwenye rafu na kuandika, saa nne kwa siku ukiwa umesimama." Wanaopenda cheo pekee watajiondoa wenyewe, na hao unawahitaji wajiondoe.

Weka sifa sita tu ulizoandika, tarehe ya mwisho, na maelezo ya hatua zitakazofuata ili mwombaji ajue kuna jaribio.

Unapochukua watu wa ndani, usiwaombe wakuu wa vitengo wakuletee majina. Mkuu wa kitengo ana sababu nzuri kabisa ya kumficha mtu wake bora na kukuletea yule anayetaka kuachana naye. Tangazo liwafikie wafanyakazi wote, waombe wenyewe, na mkuu wa kitengo aombwe ruhusa baada ya hapo.

Ndugu, marafiki na waliopendekezwa na wakubwa wanaweza kuomba kama wengine. Msaili mwenye uhusiano na mwombaji aseme wazi na akae nje mwombaji huyo anapopimwa.

## Hatua ya 5: Chuja maombi

Mtu asiye kwenye jopo aondoe au afunike jina, picha, umri, jinsia na anwani kwenye kila ombi, kisha aandike namba: M1, M2, M3.

Haya si madoido. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu maombi 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa zinalingana na majina tu yakiwa yamebadilishwa. Jina lililosikika kama la Mzungu lilihitaji maombi kama 10 kupata simu moja ya kuitwa. Lililosikika kama la Mmarekani Mweusi lilihitaji kama 15. Wengi wa waajiri hao bila shaka wangesema wao hawabagui.

Wasaili wawili wasome kila ombi, kila mmoja peke yake, bila kuongea. Kila mmoja aweke alama moja kati ya tatu dhidi ya zile sifa: ipo, haipo, haijulikani. "Haijulikani" isimtoe mtu, itapimwa mbele. Mnapotofautiana, someni tena ombi lenyewe.

Ita watu mara mbili au tatu ya idadi unayohitaji. Andika kwa kila aliyeachwa sababu yake kwa sentensi moja. Ukishindwa kuiandika sababu hiyo bila aibu, mrudishe kwenye orodha.

## Hatua ya 6: Wape kipande cha kazi

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, ifanye hii. Maneno ya usaili hujifunzwa. Mkono ukiwa kazini ni vigumu kuudanganyisha.

Kwa timu ya stoo ningeandaa ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa kwa mkono, mistari 30, na ndani yake ningetega makosa matano:

1. Bidhaa moja imeandikwa mara mbili kwa majina mawili tofauti.
2. Jumla moja haijumliki.
3. Tarehe moja haiwezekani, kama 31 Juni.
4. Mstari mmoja umeandikwa "12" bila kusema ni maboksi 12 au vipande 12.
5. Tarakimu moja haisomeki. Inaweza kuwa 1 au 7.

Mpe mwombaji dakika 45 aingize ukurasa huo kwenye kompyuta. Mwambie: "Tuko chumba cha pili, ukikwama njoo uulize."

Kosa la nne na la tano ndiyo moyo wa jaribio. Hayana jibu ndani ya karatasi. Anayekisia na kuendelea, hata akikisia sawa, ndiye atakayekujazia kompyuta namba zisizo za kweli kwa miezi sita. Anayekuja kuuliza, au anayeweka alama kwamba hapa pana shaka, amepata alama zote za sehemu hiyo. Kasi ipewe uzito mdogo, kwa kuwa huongezeka na mazoea.

Sehemu ya pili ni fupi. Dakika kumi, mwombaji amfundishe msaili mmoja namna ya kuandika bidhaa mpya. Msaili ajifanye mtunza stoo wa miaka mingi asiyeona maana ya mabadiliko. Angalia kama mwombaji anauliza mzee huyo anafanyaje sasa, au anaanza kumhubiria.

Jaribio likizidi saa mbili, mlipe. Usimpe kazi mnayoihitaji kwelikweli ili muitumie bila kumwajiri. Huo ni wizi, na habari husambaa. Wote wapewe karatasi ileile, muda uleule, chumba kilekile. Mwenye ulemavu aulizwe mapema anahitaji nini, kama maandishi makubwa au muda wa ziada, naye apatiwe.

Jaribio limefaulu likiwatenganisha watu. Wote wakipata alama karibu sawa, lilikuwa rahisi mno au halihusiani na kazi. Lijaribu kwanza kwa wafanyakazi wawili wa sasa, mmoja unayejua ni mzuri na mmoja wa kawaida.

## Hatua ya 7: Usaili

Maswali yawe yaleyale kwa kila mtu, kwa mpangilio uleule, dakika 40 hivi. Yaulize mambo yaliyokwisha kutokea. "Ungefanya nini kama..." humpa mtu nafasi ya kukupa jibu unalolitaka. "Ulifanya nini siku ile..." inamtaka akumbuke, na kumbukumbu ina majina ya vitu, siku na vizuizi.

Kwa sifa zetu:

- Nieleze siku ulipogundua umekosea kazini kabla mtu mwingine hajagundua. Ulifanya nini saa ileile?
- Mara ya mwisho ulipopewa maelekezo usiyoyaelewa ilikuwa lini? Ulianzaje kazi?
- Nieleze ulivyomfundisha mtu aliyekuzidi umri au cheo jambo ambalo hakulitaka.
- Mara ya mwisho mlipotofautiana na mwenzako juu ya namna ya kufanya kazi, nani alibadili mawazo, na kwa nini?

Asiyewahi kuajiriwa ajibu kwa mifano ya shule, ya nyumbani au ya kujitolea. Akisema "tulifanya, tukaamua", muulize kwa upole: "Wewe mwenyewe ulifanya sehemu gani?" Kisha nyamaza. Sekunde kumi za kimya huleta jibu la kweli kuliko swali jingine.

### Alama ziandikwe namna hii

Kabla ya usaili, kubalianeni kwa maandishi 1, 3 na 5 zina maana gani kwa kila sifa. Kwa "kusema mapema anapokosea":

- 1: Hakumbuki kosa lolote, au kila kosa analotaja lilikuwa la mwingine.
- 3: Anataja kosa lake, lakini liligunduliwa na mtu mwingine, naye akalirekebisha.
- 5: Aligundua mwenyewe, akalisema kabla halijaleta madhara, na anaeleza alichobadili ili lisijirudie.

Andika alama ya sifa moja kabla ya kuhamia sifa nyingine. Usisubiri mwisho. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920, kwa alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari wao, kwamba aliyepewa alama nzuri kwa jambo moja alipewa nzuri kwa karibu yote, hata yasiyohusiana. Mwombaji mwenye sauti nzuri na nguo iliyonyooka atakuwa "makini" na "mwaminifu" machoni pako kama hutajizuia.

Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alipewa kazi ya kutengeneza usaili wa jeshi la Israeli mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka 21. Aliwaagiza wasaili wapime sifa sita mojamoja kwa maswali ya mambo halisi, waandike alama, wasonge. Wasaili walikasirika, waliona wanageuzwa mashine. Njia hiyo ilitabiri vizuri zaidi kuliko ile ya zamani ya kuongea tu na kutoa maoni. Jambo la kuvutia ni kwamba hata hisia ya jumla ya msaili ilikuwa na manufaa, ilimradi ije baada ya sifa zote kupimwa. Kwa hiyo moyo wako una nafasi. Usubiri zamu yake.

Usiulize kuhusu ndoa, ujauzito, mpango wa kuzaa, dini, kabila wala siasa. Sheria za nchi nyingi zinakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu hizo, na majibu yake hayakuambii lolote kuhusu kazi. Ukitaka kujua kama mtu ataweza kufika asubuhi na mapema, uliza hivyohivyo, na uwaulize wote, wanaume na wanawake.

## Hatua ya 8: Piga simu kwa wadhamini

Barua za wadhamini karibu zote husifu, zisipoteze muda wako. Piga simu, kwa ruhusa ya mwombaji, ukimtafuta aliyefanya naye kazi karibu.

Uliza mambo mawili. La kwanza: "Alifanya kazi gani hasa, na nani alimsimamia?" Linganisha na alichowaambia. La pili: "Tukimchukua, tumsaidie wapi ili afanye vizuri?" Swali hili mdhamini hujibu kwa uhuru, maana haoni kwamba anamsema mtu vibaya, na jibu lake utalitumia wiki ya kwanza.

## Hatua ya 9: Amueni

Kila msaili aingie kikaoni na karatasi zake zimejazwa na kutiwa saini. Asiyejaza hasemi.

Mwenye cheo kidogo aanze kusema, mkuu amalize. Niliwahi kukaa kwenye jopo ambalo mwenyekiti alisema mlango ulipofungwa tu, "Huyu ndiye." Nilikuwa nimempa yule mtu alama 2 kwenye kuuliza asipoelewa. Nilichukua kalamu nikaifanya 4. Miezi mitatu baadaye tulikuwa tunasahihisha kazi yake usiku, na nilijua nilichokuwa nimekiona tangu mwanzo. Tangu siku hiyo sikubali kikao kianze kabla karatasi hazijakusanywa.

Sasa amueni kwa mpangilio huu:

Kwanza, kiwango cha chini. Aliyepata chini ya 3 kwenye sifa yoyote ya kila mtu anatoka, hata kama jumla yake ni kubwa kuliko wote. Hapa ndipo jopo huomba msamaha kwa niaba ya mtu hodari anayewavunja wenzake. Msikubali. Kazi yake nzuri mtaiona, ila kazi ambayo wenzake wanne wataacha kuifanya kwa kumkwepa haitaonekana popote.

Pili, ziba mapengo. Tuseme mna nafasi tano na watu saba wamepita. Wanne wa juu wana jumla ya 26 au 27 kati ya 30, wote wakali wa kompyuta, na hakuna aliyepata zaidi ya 2 kwenye kufundisha. Wa sita ana 23, ila kwenye kufundisha ana 5. Huyo wa sita anaingia kabla ya wa tano. Jumla ya alama ni ya mtu mmoja. Ninyi mnachagua timu.

Tatu, kama wawili wamelingana kabisa, mchukue anayeona mambo kwa njia tofauti na waliokwisha kuchaguliwa.

Neno la kuogopa katika kikao hiki ni "anaendana na sisi". Mara nyingi lina maana kwamba anaongea kama sisi na amesoma tulikosoma. Mtu akilitamka, mwombe ataje ni sifa ipi kati ya sita na aliiona wapi kwenye jaribio. Asipoweza, hoja hiyo isiandikwe.

Msipopata wa kutosha, rudieni tangazo. Kiti kitupu kwa wiki tatu kina unafuu kuliko kiti kilichokaliwa na mtu ambaye mtahitaji miezi kumtoa.

Kikao kimefaulu ikiwa kwa kila aliyechaguliwa mnaweza kuandika: "Amechaguliwa kuziba pengo hili, na ushahidi ni huu."

## Hatua ya 10: Siku 90 za mwanzo

Wajulishe wasiochaguliwa ndani ya wiki moja, kila mmoja kwa jina lake na sababu moja ya kweli. Wa ndani mwambie uso kwa uso. Kesho utakutana naye kwenye korido, na timu yako itahitaji msaada wake.

Siku ya kwanza, soma ile karatasi ya Hatua ya 1 mbele ya wote. Kisha mweleze kila mmoja, wenzake wakisikia, amechaguliwa kwa ajili ya nini. "Wewe tumekuona unavyokagua tarakimu, wewe unavyofundisha." Watu wakijua nguvu ya mwenzao, wanajua wamuulize nani, na ushindani wa kuonekana unapungua.

Wape kazi ndogo inayoisha ndani ya wiki mbili: rafu moja, tangu kuhesabu hadi kukagua. Wakati wa kazi hiyo usiangalie sana rafu. Angalia vikao vyao. Je, wote wanasema, au wawili wanasema na watatu wanaitikia? Makosa yanatajwa na aliyeyafanya, au yanasubiri kugunduliwa? Ukiona kimya, anza wewe kutaja kosa lako la wiki hiyo.

Siku ya 30, zungumza na kila mmoja peke yake dakika 20. Siku ya 60, kama kuna asiyeweza, mwambie wazi ni kitu gani, mpe mafunzo na tarehe. Kipindi cha majaribio kiwe na maana yake. Usikiache kipite kwa huruma, halafu ukaanza kumkasirikia mtu mwezi wa saba kwa jambo ulilolijua mwezi wa pili.

Siku ya 90, toa zile karatasi za alama. Kwa kila mtu andika pembeni alivyo sasa, sifa kwa sifa, kwa kipimo kilekile cha 1 hadi 5. Mtaona ni sehemu gani ya jaribio ilisema kweli na swali gani la usaili liliwapotosha. Lifuteni swali hilo, andikeni jingine mahali pake, na karatasi zote ziwekwe kwenye faili moja, tayari kwa nafasi itakayofuata.